Nane na Tano Bila Vidole

Mdogo wangu yuko gredi ya pili. Muhula uliopita alianza kuficha daftari la hesabu chini ya godoro. Kumbe vidole ndivyo vilivyomponza: nane ujumlishe tano, vidole kumi vinaisha kabla ya jibu, naye analia.

Jioni moja nilimwaga vifuniko vya soda mezani, vinane huku, vitano kule. Nikamwuliza, "Nane inataka ngapi ndio ifike kumi?" Akasema mbili. "Basi ikopee kwa tano." Akasogeza viwili, vikabaki vitatu. Kumi na tatu! Kiswahili chenyewe kimeshatoboa siri kwa jina hilo: kumi, na tatu.

Lakini jamani, msikimbilie hapo. Kwanza mtoto aijue kumi ikigawanywa: tisa na moja, nane na mbili, saba na tatu, sita na nne, tano na tano. Sisi tulikuwa tumekaa hapo wiki nzima, mimi nikifunika vifuniko kadhaa kwa kikombe, yeye akitaja vilivyofichwa. (Alichungulia mara si moja.)

Juzi nikampa saba na sita. Akaikataa njia yangu: "Sita na sita ni kumi na mbili, ongeza moja." Hiyo sikumfundisha mimi.