JINA JEMA HUNG'AA GIZANI: Kisa cha Runinga Mbili na Jina Moja

Wahenga waliponena kwamba jina jema hung'aa gizani, sidhani kama walikuwa wakizifikiria runinga. Lakini mimi, katibu wa Chama cha Kiswahili, nimejionea kwamba hata runinga ikikosa jina jema itakutia aibu mchana kweupe.

Mpenzi msomaji, kisa chenyewe ni hiki. Muhula uliopita tulikuwa tukifanya mazoezi ya onyesho moja kutoka Bembea ya Maisha, tamthilia ya Timothy Arege ambayo sisi watahiniwa wa Kidato cha Nne twaisoma. Mwalimu mlezi aliyanasa mazoezi hayo kwa rununu yake ili tujitazame na kujisahihisha. Ijumaa moja akanikabidhi simu hiyo, akasema, "Katibu, hebu irushe hiyo video kwenye runinga ya maktaba wenzako waone." Nikabonyeza alama ya kurushia. Orodha ikatokea: majina mawili, yote sawa kama shilingi kwa ya pili, yaani jina la kiwandani tu. Nikasema potelea mbali, nikabonyeza la kwanza.

Maktaba kimya. Kumbe katika ofisi ya mwalimu mkuu, ambamo wanabodi walikuwa wakikutana, runinga iliyokuwa imelala iliamka yenyewe, na sauti ya Yona mlevi akimfokea Sara ikanguruma! Eti mzee mmoja aliinuka akidhani mlevi kutoka sokoni ameivamia shule. Mlioniona siku hiyo mlicheka, nami siwalaumu. Lakini kicheko kikaisha, adhabu ikaja: chama kikanyimwa runinga mpaka tueleze tatizo lilikuwa nini na litazuiwaje. Na mtihani nao ulikuwa ukibisha hodi. Kosa lilikuwa langu, ikanibidi nilitafutie dawa.

Kwanza nieleze jinsi mambo haya yanavyokwenda. Unapobonyeza alama ya kurushia, simu haijui runinga iko chumba gani. Hupiga mbiu katika mtandao wa waifai iliyomo, kama mwalimu wa zamu anayeuliza gwarideni, "Nani yupo?" Kila chombo kinachoweza kupokea picha hujibu kwa kutaja jina lake na anwani yake. Simu huyapanga majina hayo, nawe wachagua. Basi kama vyombo viwili vyajibu kwa jina moja, wewe unabahatisha. Darasani kwetu wamo akina Moraa wawili, mwalimu akiita "Moraa!" wote husimama. Ndiyo maana wakaongezewa majina ya baba zao.

Yafuata kwamba simu na runinga sharti ziwe katika waifai moja. Simu ikiwa katika mtandao wa wageni na runinga katika mtandao wa shule, kwa kawaida hazitaonana hata ukibonyeza mpaka kidole kiote sugu.

Sasa dawa. Kwa runinga zinazotumia mfumo wa Android au Google, kama hizi zetu, twaa rimoti uingie Mipangilio, kisha Mfumo, kisha Kuhusu, nawe utaona Jina la Kifaa. Libadilishe, uandike la kwako. Katika runinga nyingine njia hupindapinda kidogo, lakini ukifika palipoandikwa Kuhusu, umekaribia. Kwa kile kijiti cha Chromecast, ambacho Google ilianza kukiuza Julai 2013 na kutangaza Agosti 2024 kwamba imeacha kukitengeneza, jina hubadilishwa kwa simu, katika programu ya Google Home: gusa kifaa, fungua mipangilio yake, nenda kwenye taarifa za kifaa. Vijiti vilivyopo vingali vyatumika. Kwa Apple TV, ingia Mipangilio, Jumla, Kuhusu, halafu Jina.

Je, tuliita nini? Hapa nilijikwaa mara ya pili. Niliandika "Runinga ya Shule Yetu Pendwa ya Maktaba" na "Runinga ya Shule Yetu Pendwa ya Ofisi". Nikajiona bingwa wa lugha! Nilipofungua simu, orodha ilisomeka "Runinga ya Shule Yetu…" mara mbili. Mtandao hukubali jina la hadi baiti 63, yaani karibu herufi 63 za Kiswahili, lakini kioo cha simu ni chembamba, hukata mkia. Basi neno linalotofautisha lazima litangulie. Leo zaitwa "Maktaba Runinga" na "Ofisi Runinga". Mapambo niliyaacha kwa ajili ya insha.

Jambo jingine: baada ya kubadilisha, simu ilishikilia jina la kale. Usihamaki. Simu huweka kumbukumbu ya majibu kwa muda. Funga programu, zima waifai na uiwashe tena. Ikigoma, zima na kuwasha runinga. Pia kumbuka kwamba ukiirudisha runinga katika hali ya kiwandani, jina lako hufutika na la zamani hurudi.

Kuna waliopendekeza runinga ya ofisi iitwe kwa lakabu ya mwalimu fulani (mnajijua). Hapana, jamani! Jina hilo husomwa na kila aliyemo katika waifai. Kwa sababu hiyo hiyo usiandike jina lako kamili wala nambari ya simu.

Na tusidanganyike: jina si kufuli. Aliye na neno la siri la waifai aweza kurusha atakacho. Mnamo Januari 2019 wadukuzi waliviingilia maelfu ya vijiti vya Chromecast na runinga duniani kupitia ruta zilizoachwa wazi kwa intaneti, wakavilazimisha kuonyesha video ya kumpigia debe PewDiePie wa YouTube. Kwa hivyo neno la siri tulilinde.

Kwetu Gusii mtoto hapewi jina ovyo. Kwamboka, kwa mfano, ni jina linalotokana na kuvuka, nalo hubeba habari ya aliyezaliwa. Nasi twaweza kuvipa vyombo vyetu majina yanayobeba habari: viko wapi, vyatumiwa na nani.

Nilimweleza mwalimu mkuu haya yote, nikarusha video mbele yake. Yona akafoka maktabani, ofisi ikabaki kimya. Akatabasamu, akaturudishia runinga. Naomba tu, kabla hujabonyeza, soma jina. Mimi sikusoma, na wanabodi wangali wananiita Yona.

Katibu, Chama cha Kiswahili, Kidato cha Nne