Ahadi inapokawia, unangojaje?

Jumapili ya leo tutafakari pamoja habari ya kungoja. Mfano wetu tunauchukua mahali ambapo pengine hukuzoea kuletewa mahubiri: kwenye michezo ya kompyuta. Kama wewe ni mzazi usiyeipenda michezo hii, nakuomba uvumilie kidogo. Kama wewe ni kijana unayeipenda, leo ni zamu yako.

Mwaka 1999 kampuni ya Relic ya mjini Vancouver, Kanada, ilitoa mchezo uitwao Homeworld. Ni mchezo wa mkakati, unaotaka akili iliyotulia. Mchezaji anaamuru kundi la vyombo vya angani: anachimba madini, anaunda meli, anapanga vita. Kwa kuwa angani hakuna sakafu wala dari, adui anaweza kumjia kutoka juu, chini au ubavuni. Tena meli zilizosalia katika hatua moja ndizo anazoingia nazo katika hatua inayofuata. Akizipoteza kwa uzembe leo, kesho anaanza akiwa maskini.

Lakini kilichowashika watu zaidi ni kisa chenyewe. Watu wa Kharak, sayari ya jangwa, wanagundua mabaki ya chombo cha kale kilichofukiwa mchangani. Ndani yake kuna jiwe lenye ramani ya nyota na neno moja: Hiigara, maana yake nyumbani kwetu. Kumbe jangwa walilozaliwa humo si kwao! Wanajenga meli kubwa ya kuwabeba watu 600,000 waliolazwa usingizi mzito. Meli inatoka kwa safari ya majaribio, na inaporudi inaikuta Kharak inateketea kwa moto. Hawana tena pa kurudi, wana pa kwenda tu. Hapo kwaya inaimba muziki wa Samuel Barber unaoitwa Agnus Dei, yaani Mwanakondoo wa Mungu.

Msomaji wa Biblia hawezi kupita hapo bila kusimama. Kitabu cha Kutoka 12:37 kinataja wanaume wapatao 600,000 waliotoka Misri kwa miguu. Na Waebrania 11 inatueleza habari za Abrahamu, aliyekaa katika mahema kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye mji mwingine.

Sehemu ya pili ya mchezo ilitoka mwaka 2003. Baada ya hapo, mashabiki waliotamani sehemu ya tatu walingoja sana. Kampuni ya THQ, iliyokuwa na haki za mchezo huo, ilifilisika, na mwaka 2013 haki hizo zikauzwa kwa mnada kwa Gearbox. Agosti 2019 ikatangazwa kwamba sehemu ya tatu inatengenezwa na Blackbird, kampuni nyingine ya Vancouver iliyoanzishwa na baadhi ya watu waliotengeneza ule wa kwanza. Mashabiki wakakaribishwa kuchangia fedha mapema.

Ahadi ilikuwa mwisho wa mwaka 2022. Ikasogezwa hadi nusu ya kwanza ya 2023, kisha Februari 2024, kisha Machi 8. Hatimaye mchezo ulitoka Mei 13, 2024. Aliyeanza kungoja akiwa na miaka 15 alikuwa amefika 35.

Mpendwa, katika kungoja huko nakuletea mambo matatu.

La kwanza, kungoja si kukaa bure. Wako waliokata tamaa, na wako waliogeuka wa kudhihaki. Lakini wako pia waliorudia michezo ile ya zamani, wakaiongezea meli na ramani za kubuni kwa mikono yao. Katika Mathayo 25, wanawali wote kumi walimngoja bwana arusi, na wote kumi walisinzia. Kilichowatofautisha ni mafuta. Wewe unayengoja kazi, mtoto, uponyaji au mwenzi wa maisha, chupa yako ina nini? Unajifunza kitu, unatumika mahali, unaomba? Au umeweka maisha kando mpaka siku hiyo ifike?

La pili, kukawia kunaweza kuwa kwa ajili yako. Februari 2024 mashabiki walipewa sehemu ndogo ya mchezo waijaribu. Wengi walilalamika kwamba kuziongoza meli ni kugumu. Watengenezaji wakasikia, wakasogeza tarehe ili warekebishe. Waraka wa pili wa Petro 3:9 unafundisha kwamba Bwana hachelewi kama watu wanavyodhani. Anavumilia ili watu watubu wasipotee. Hata hivyo, sitakuambia kwamba kila kukawia kuna sababu utakayoiona kwa macho. Waebrania 11:13 inasema wazi kwamba wazee wale walikufa kabla ya kupokea walichoahidiwa. Walikiona kwa mbali tu, wakakishangilia. Kama umeomba miaka 20 na hujajibiwa, usikubali mtu akuambie huna imani. Abrahamu naye yumo katika orodha hiyo.

La tatu ndilo zito. Mchezo ulipofika, wengi walisikitika. Walisifu uzuri wa picha na vita vyake, lakini walinung'unika kuhusu kisa. Walisema safari ya taifa zima kwenda kwao imekuwa ugomvi wa watu wachache. Watu walingoja zaidi ya miaka 20, na kilichokuja hakikuweza kubeba uzito wa matumaini waliyokitwika.

Sisemi haya kuwacheka, kwa maana sisi sote tumo. Kuna aliyengoja ndoa, na mwaka wa pili wa ndoa analia peke yake jikoni. Kuna aliyengoja ajira, na sasa kila Jumapili jioni roho inamuuma akiikumbuka Jumatatu. Kuna aliyengoja kumaliza nyumba, akahamia, akakuta upweke ameingia nao. Ndoa, kazi na nyumba ni baraka za Mungu, tuzipokee kwa shukrani. Kosa ni kukitaka kitu kilichotengenezwa kwa mikono kitupe amani ambayo hakikuumbwa kuitoa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho Hiigara.

Nadhani ndiyo maana kisa kile cha mwaka 1999 kiliwagusa watu hivyo, hata wasioingia kanisani. Kiliamsha hamu ambayo Mungu ameiweka ndani ya kila mtu: hamu ya kwenda kwetu. Hamu hiyo haiponywi na tarehe ya kutolewa kwa kitu chochote. Warumi 5:5 inatuhakikishia kwamba lipo tumaini lisiloaibisha, kwa sababu limesimama juu ya pendo la Mungu ambalo tayari limemiminwa mioyoni mwetu. Tunayemngoja alikwisha kuja mara moja, akatoa uhai wake. Mwanakondoo yule yule ndiye atakayerudi.

Mzazi, wiki hii muulize mwanao anayeupenda mchezo fulani: ni nini humo kinachokugusa? Msikilize mpaka mwisho kabla ya kumpa onyo. Kijana, cheza kwa kiasi, na ukiona furaha yako yote imening'inia kwenye kitu kijacho, kishushe kwanza miguuni pa Yesu. Nawe uliyechoka kungoja, leo ongeza mafuta kidogo: sala moja, mgonjwa mmoja wa kumtembelea, sura moja ya Neno.

Tuombe: Bwana, utufundishe kungoja tukiwa macho, na usiache mioyo yetu iridhike jangwani wakati umetuandalia nyumbani. Amina.

Nawatakia Jumapili njema.