Sikio la kufa na dawa yake

Mwalimu yeyote aliyewahi kushika chaki katika shule ya msingi anamjua mtoto wa dawati la nyuma. Haulizi swali, hajibu swali, na akiitwa jina haitiki mpaka jirani amdukue kwa kiwiko. Mwisho wa muhula anashika mkia, na ripoti yake huandikwa maneno yale yale: mzembe, hasikilizi, ajitahidi. Mimi nimeyaandika maneno hayo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Leo nataka kumsimulia msomaji habari za mtoto mmoja niliyemwandikia hivyo bila haki.

Ilikuwa mwaka 1983, katika shule moja ya mwambao ambayo sitaitaja. Nilikuwa kijana, nimetoka chuo cha ualimu juzi juzi, nikapewa darasa la tatu lenye watoto 58. Miongoni mwao alikuwamo mvulana mmoja mwembamba, mwenye hati nzuri ajabu. Hesabu nilizoziandika ubaoni alizifanya bila taabu. Lakini ikifika imla, daftari lake lilikuwa kichekesho. Nikisema "bata" yeye huandika "pata". Nikisema "baba" yeye huandika "mama".

Siku hizo kiboko kilikaa mezani pamoja na chaki na kifutio. Marufuku ya kuwachapa wanafunzi ilikuja mwaka 2001. Nilimchapa kwa kila neno alilokosa, na kila nikimaliza nilimwambia mbele ya wenzake kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Darasa lilicheka. Haikupita wiki mbili wakawa wamempa jina la "Sikio", na nakiri kwamba siku moja nami nilimwita hivyo.

Kilichonifumbua macho ni mvua ya masika. Aliyefundisha chini ya paa la bati anajua: ikinyesha ya nguvu, hata ukipiga kelele mtoto wa mstari wa mbele hakusikii. Asubuhi hiyo nilinyamaza, nikageukia ubao na kuandika kila kitu, mazoezi na maelezo yake yote. Watoto wakababaika, wakawa wanaulizana kwa midomo na mikono. Mmoja tu hakubabaika. Alifanya kazi yake kwa utulivu, akaja mezani kwangu wa kwanza, na hakuwa na kosa hata moja. Kwake yeye mvua haikuwa imebadilisha kitu.

Jioni ile nilichukua daftari lake la imla nikaketi nalo. Nilisimama mbele ya kioo nikatamka "baba", kisha "mama", kisha "papa", bila kutoa sauti. Msomaji na ajaribu. Midomo hufunga na kufunguka namna ile ile moja. Mtoto huyu hakuwa mzembe hata kidogo. Muhula mzima alikuwa akiisoma midomo yangu kutoka dawati la nyuma, na kila nilipogeuka kuelekea ubaoni huku nikizungumza, nilikuwa nimemzimia taa.

Kesho yake nilisimama nyuma yake, nikalitaja jina lake kwa sauti ya kawaida. Hakugeuka. Nilirudia upande wa kulia, akageuka kidogo. Ndipo nilipoinama na kusikia harufu ambayo wenzake walikuwa wakiikimbia siku zote: sikio la kushoto lilikuwa likitoa usaha.

Bibi yake, aliyekuwa akimlea, alinieleza kwamba usaha ulianza alipougua surua akiwa mdogo. "Tunamtilia mafuta ya nazi ya moto moto, mwalimu," aliniambia. "Yakikauka, hurudi tena." Zahanati ilituambia kwamba viwambo vya masikio yote mawili vimetoboka, cha kushoto vibaya zaidi. Tuliagizwa tuache mafuta, tulikaushe sikio kwa kitambaa safi kilichosokotwa, na mtoto asiingie baharini mpaka apone. Hilo la bahari ndilo lililomliza.

Mwalimu mwenzangu aliniambia nisijisumbue. "Mpeleke kwa wenzake," akasema. Alikuwa na maana ya shule za viziwi, na ni kweli zilikuwapo. Shule ya vipofu ya Thika ilianza mwaka 1946, na zile za viziwi za Mumias na Nyang'oma zilifunguliwa mwaka 1961. Zimewatoa gizani watoto wengi ambao wangeishia kufichwa vyumbani. Lakini kutoka pwani hadi Mumias ni safari ya kuikata nchi nzima, na bibi wa watu hakuwa tayari kumtoa mjukuu wake aende mahali asipoweza kumtembelea. Zaidi ya hayo, hakuna aliyekuwa amempima. Vituo vya kuwapima watoto na kuwashauri wazazi vilianza kufunguliwa mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark. Alipopimwa hatimaye, tulielezwa kwamba sikio la kulia lilikuwa na uwezo wa kutosha. Pake palikuwa pale pale shuleni kwetu.

Na tulimfanyia nini? Nasikia haya kueleza, kwa jinsi kilivyokuwa kidogo. Nilimhamishia mstari wa mbele, upande wa kushoto wa darasa, ili sikio zima linielekee mimi na wenzake. Niliacha kusimama dirishani, kwa kuwa mwanga ukiwa mgongoni mwa mwalimu uso wake huwa kivuli. Nilijifunza kuandika kwanza, kisha kugeuka, kisha kusema. Jambo hilo lilinichukua mwaka mzima, maana ulimi wa mwalimu haupendi kungoja. Imla nilisoma sentensi nzima badala ya neno moja, apate kutambua kwa maana kama ni bata au pata. Hakuna lililohitaji senti ya serikali. Nilichostaajabia ni kwamba alama za darasa zima zilipanda. Kumbe hata wenye masikio mazima walikuwa hawanisikii vizuri.

Hapa nina neno kuhusu lugha yetu. Kiziwi, kipofu, kiwete, kilema: wote tumewavalisha "ki" ile ile ya kiti na kijiko. Najua bingwa wa sarufi ataniambia kwamba hata kijana na kiongozi wanayo, na kwamba twasema kiziwi amekuja, si kimekuja. Sawa. Lakini mtoto hasikii sarufi, husikia anavyoitwa. Siku hizi twasema mtoto mwenye mahitaji maalum. Ni jina la heshima, nalipenda, ila ni pana mno. Mtoto asiyesikia kabisa hasaidiwi na dawati la mbele. Anahitaji lugha ya ishara na mwalimu anayeijua, lugha ambayo Katiba ya 2010 imeifanya kuwa mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge. Asiyeona anahitaji breli. Yuko na yule anayesikia na kuona vyema lakini herufi humchezea machoni, akasoma b mahali pa d, na huyo ndiye anayechapwa kwa maneno mpaka leo. Afisa wa elimu akija kuuliza wangapi wana mahitaji maalum, mwalimu hutaja idadi. Nani anahitaji nini, hilo haliulizwi.

Sikatai kwamba kazi ni ngumu. Elimu ya msingi ilipotolewa bila malipo mwaka 2003, wanafunzi waliongezeka kutoka milioni 5.9 hadi milioni 7.2 kwa mwaka mmoja. Nilikuwa na darasa la watoto 94. Nilikuwa nimekwisha kusoma kozi katika taasisi ya elimu maalum iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1986, na bado walinipita watoto ambao hadi leo sijui kama walikuwa wakisikia.

Yule kijana nilikutana naye miaka mingi baadaye, sokoni Malindi. Ni fundi seremala, ana watoto wake. Nilimwomba radhi kwa viboko. Akatikisa mkono, viboko alikwisha kuvisahau. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia. Katika maneno yangu yote ya mwaka ule, yaliyomfikia wazi yalikuwa mawili tu, kwa sababu niliyarudia kila siku nikiwa nimemwinamia: "sikio" na "kufa". Alikuwa na umri wa miaka tisa. Muhula mzima aliamini kwamba mwalimu anamwambia ugonjwa wa sikio lake utamuua, na hakuthubutu kumwuliza bibi yake kama ni kweli.

Nilinyamaza. Lori likapita, yeye akahamia upande wangu wa pili ili sikio la kulia linielekee, akangoja niseme.