Kisima Hupimwa Mara Moja

Kisima kirefu kinapochimbwa upande wa Griftu, magharibi mwa Kaunti ya Wajir, hupimwa kwa makini katika siku zake za mwanzo. Mtambo ukishaondoka, pampu hushushwa na maji huvutwa mfululizo, mara nyingi kwa saa 24, huku fundi akishusha kamba ya kupimia kila baada ya dakika kadhaa kuona maji yamefika wapi. Kisha pampu huzimwa na maji hupimwa tena yakipanda. Kutokana na mwenendo wa kushuka na wa kupanda, mwanajiolojia wa maji hukadiria kisima kinaweza kutoa kiasi gani kwa saa bila kuchoka. Sampuli hupelekwa maabara na ripoti huandikwa. Baada ya hapo, kwa visima vingi vya kaskazini mashariki mwa Kenya, kamba ile hairudi tena.

Hapo ndipo penye udhaifu mkubwa wa utafiti wa serikali katika eneo hili. Kipimo cha mwanzo hueleza kisima kilivyo kikiwa kipya. Mfugaji, na kaunti inayomhudumia, wanahitaji kujua kitakavyokuwa baada ya ukame wa tatu.

Ugunduzi wenyewe si haba. Mwaka 1977 Shirika la Jiolojia la Marekani, lililofanya kazi pamoja na serikali ya Kenya, lilichapisha utafiti wa W. V. Swarzenski na M. J. Mundorff juu ya maji ya ardhini ya uliokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Nyakati hizo serikali ilitaka kufungua malisho mapya, na swali lililoulizwa lilikuwa wapi pachimbwe. Jibu lilikuwa gumu. Mto Daua unapita kwenye mpaka wa kaskazini na Tana kwenye mpaka wa kusini magharibi. Katikati hakuna mto wa kudumu. Maji ya ardhini yapo katika sehemu nyingi, ila mengi yake yana chumvi. Hifadhi kubwa ya maji baridi iko chini ya njia ya Ewaso Ng'iro, katika tabaka la mchanga na udongo linaloitwa Merti, linaloanzia Isiolo, kupita Habaswein na Dadaab, hadi ndani ya Somalia.

Tabaka la Merti linastahili kuelezwa kidogo, kwa sababu linaonyesha kwa nini kipimo kimoja hakitoshi. Maji yake baridi yamekaa kama ulimi mrefu uliozungukwa na maji ya chumvi pande zote mbili, na penginepo hata chini. Hakuna ukuta unaoyatenganisha. Kinachoyaweka mahali pake ni msukumo wa maji yenyewe. Pampu ikivuta maji baridi kwa kasi kupita yanavyojazwa, msukumo hupungua na maji ya chumvi husogea. Husogea polepole, kwa miaka, bila dalili yoyote bombani, mpaka siku ngamia wanapoyanywa na watu wanayakataa. Na ujazo ni mdogo. Sehemu kubwa ya maji hayo ni ya kale, yaliyoingia ardhini zama zenye mvua nyingi kuliko hizi. Anayeyachota anatumia akiba.

Dalili huonekana mapema kwa anayezitafuta. Maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji baridi, kwa hiyo kifaa kidogo cha mkononi kikichovywa ndooni huonyesha kiwango cha chumvi papo hapo. Usomaji mmoja hausemi mengi. Usomaji wa kila mwezi kwa miaka kumi, pamoja na kina cha maji asubuhi kabla pampu haijawashwa, husema karibu kila kitu. Dadaab, ambako kambi za wakimbizi zimetegemea visima vya Merti tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, ufuatiliaji wa aina hiyo umefanyika kwa kiasi fulani, kwa sababu mashirika ya kimataifa yalihitaji kujua iwapo maji yatawatosha watu wote wale. Wenyeji wa vijiji vinavyokunywa kutoka tabaka hilohilo wana haki ya uangalizi uleule.

Wala setilaiti haichukui nafasi ya vipimo hivyo. Mwezi Septemba 2013 serikali na UNESCO zilitangaza kwamba hifadhi kubwa ya maji imegunduliwa Lotikipi, Turkana, kwa msaada wa picha za setilaiti na takwimu za mitetemo ya ardhi. Makadirio yalikuwa takriban mita za ujazo bilioni 200, na ilisemwa kwamba yangetosheleza nchi kwa miaka 70. Majaribio ya baadaye yalionyesha chumvi iliyozidi kiwango cha kunyweka. Teknolojia ile ilikuwa na maana yake: setilaiti inaweza kuonyesha mahali pa kutafuta. Haiwezi kuonja. Hata setilaiti zinazopima mabadiliko ya mvutano wa dunia ili kukadiria maji ya ardhini huona eneo la mamia ya kilomita kwa pamoja. Kisima kimoja cha Wajir Magharibi hakimo katika picha hiyo.

Upande wa wanyamapori, serikali hiyohiyo imefanya vizuri zaidi. Tangu 1977 idara inayojulikana kwa kifupi kama DRSRS imekuwa ikirusha ndege ndogo juu ya nyanda za malisho za Kenya. Ndege hufuata mistari iliyonyooka, kwa kawaida umbali wa kilomita 5 kati ya mmoja na mwingine, na wahesabuji wawili huhesabu wanyama wanaoonekana kati ya vijiti viwili vilivyofungwa ubavuni mwa ndege. Makundi makubwa hupigwa picha na kuhesabiwa baadaye. Hesabu ya ukanda huo mwembamba ndiyo hukuzwa kuwa makadirio ya kaunti nzima. Kila safari ina makosa yake, lakini makosa yanajulikana, na njia haibadiliki. Ndiyo maana mwaka 2016 watafiti waliotumia takwimu hizo waliweza kusema kwamba katika takriban miaka 40 wanyamapori wa nyanda hizo walipungua kwa asilimia 68 kwa wastani, ilhali kondoo na mbuzi waliongezeka kwa asilimia 76 na ng'ombe kupungua kwa asilimia 25. Ni habari chungu, ila ni habari tuliyo nayo. Kuhusu maji yaliyo chini ya nyanda hizohizo hatuna mfululizo wa namna hiyo.

Na mambo haya mawili hayatengani. Kisima ni uamuzi kuhusu majani pia. Zamani malisho mengi ya Wajir yalitumika wakati wa mvua tu, vidimbwi vikiwa na maji. Vikikauka mifugo iliondoka na majani yakapumzika. Kisima chenye maji mwaka mzima huondoa mapumziko hayo. Watu hutulia, duka hufunguliwa, na ardhi inayozunguka bomba hubaki tupu. Twiga na swala wanaotegemea eneo hilo hushindana na mifugo kwa maji yaleyale. Desemba 2021, katika hifadhi ya jamii ya Sabuli, Wajir, twiga sita walikufa baada ya kunasa kwenye tope la bwawa lililokuwa limekaribia kukauka. Picha yao ilizunguka dunia nzima. Kilichoelezwa kilikuwa ukame, na ukame ulikuwepo kweli, ila mahali maji yalipobaki, na nani aliyeyazunguka, ni matokeo ya maamuzi ya miaka mingi ambayo hakuna ofisi moja inayoyaweka katika ramani moja.

Sababu za pengo hili si siri. Fedha za maji huja kama miradi, na mradi huisha kisima kinapokabidhiwa. Tangu ugatuzi wa 2013 kaunti ndiyo inayochimba visima vingi, kibali hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, wanyama huhesabiwa na idara ya taifa, na hali ya malisho hufuatwa na mamlaka ya ukame, NDMA. Kila mmoja ana faili lake. Ukame ukikaza, kama ulivyokaza kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2023, pampu hutembea usiku na mchana, na fedha zote huelekezwa kwenye dizeli, vipuri na malori ya maji. Kwa hiyo miezi inayoweza kufundisha mengi zaidi juu ya tabaka la maji ndiyo miezi ambayo hakuna anayepima.

Mtu wa kupima yupo tayari. Kila kisima kinachofanya kazi kina mwendesha pampu, mara nyingi kijana wa hapohapo, anayejua ni saa ngapi injini imetembea na ni lini ilianza kuvuta hewa. Apewe kamba yenye alama, kifaa cha kupima chumvi, daftari na malipo kidogo juu ya mshahara wake. Bomba jembamba liachwe kando ya pampu ili kamba ipite. Lisipoachwa siku ya kuchimba, kuliongeza baadaye hulazimu kung'oa pampu nzima. Kaunti inaweza kuweka sharti hilo katika mkataba wa kila mchimbaji kuanzia zabuni ijayo, na nakala za daftari zikapelekwa kwa Mamlaka na kubandikwa penye bomba, kwa Kisomali na Kiswahili, wazee wa malisho wazisome kabla ya kuamua mifugo ihamie wapi.