Mteremko wa nyuma ya nyumba unavyoweza kuwa bustani ya hekaya ya watoto

Kwa familia zinazoishi Lushoto, Morogoro chini ya milima ya Uluguru au kwenye vilima vya Mwanza, si ajabu kukuta nyuma ya jiko kuna kipande cha mteremko chenye miti, hakilimwi wala hakijengeki. Watoto hukatazwa kufika huko kwa kuhofia nyoka na utelezi, hivyo wanashinda ndani na simu ya mama.

Kipande hicho kinaweza kugeuzwa bustani ndogo ya hekaya: vijumba vya vijiti kwenye mashina ya miti, njia ya kokoto, daraja la ubao, na wakazi wadogo wanaoishi humo kwenye fikra za mtoto.

Faida yake si mapambo tu. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2019 inaeleza kuwa mtoto wa miaka mitatu hadi minne anahitaji angalau dakika 180 za kuushughulisha mwili kila siku, na muda wa kukaa mbele ya skrini usizidi saa moja. Mtoto anayepanda na kushuka kilima kubeba mawe ya “mji” wake anazitimiza dakika hizo bila kusukumwa.

Wakazi wawe nani?

Ulaya, bustani za aina hii hukaliwa na watu wadogo wenye mabawa. Katika bustani ya Kensington Gardens jijini London lipo shina la mwaloni lililochongwa viumbe hao na msanii Ivor Innes, karibu miaka 100 iliyopita.

Sisi tuna Sungura, Fisi na Kobe. Mtoto anawajua tayari, na bibi ana hadithi zao za kutosha. Majini na vibwengo waacheni. Mtoto mdogo akiambiwa wanaishi nyuma ya nyumba, usiku ataogopa hata kwenda chooni.

Anza na maji ya mvua

Kabla ya kuweka jiwe la kwanza, subiri mvua inyeshe kisha angalia maji yanapita wapi. Hapo usijenge kitu. Chagua sehemu iliyo tambarare kidogo, isiyo chini ya tawi kavu wala chini ya ukingo wenye nyufa. Pia isiwe upande wa chini wa shimo la choo, kwa sababu maji machafu hushuka na mteremko.

Usichimbe ukingo ukasimama wima kama ukuta, maana udongo uliolowa huporomoka. Njia ipite kwa kukata kona, isishuke moja kwa moja, ili maji yasiifanye kuwa mfereji. Pembezoni panda mchaichai, mizizi yake hushika udongo na majani yake utayatumia kwenye chai.

Mimea ya kuondoa, mimea ya kupanda

Kagua kila kinachoota. Mbegu za mnyonyo zina sumu kali na zinapendeza machoni mwa mtoto. Mnanaha una sumu kuanzia majani hadi mbegu. Utomvu mweupe wa mnyaa, unaopandwa kama uzio, ukiingia jichoni huumiza vibaya. Ng'oeni au mzungushie uzio mahali hapo.

Chini ya kivuli cha miti panda kangaga na ua dogo la zambarau la Saintpaulia, ambalo asili yake ni misitu ya Afrika Mashariki, ikiwamo ya Usambara, na leo linauzwa kwenye vyungu duniani kote. Usiling'oe msituni, kwani huko linapungua. Omba jani moja kwa mwenye nalo, lichomeke kwenye udongo wenye unyevu, nalo litatoa mizizi.

Hatari ndogo zisizoonekana

Vifuu vya nazi, vizibo na vyungu vilivyovunjika ni vifaa vizuri vya ujenzi na havina gharama. Lakini kifuu kimoja chenye maji kinatosha kuzalisha mbu, wakiwamo wanaoeneza homa ya dengue. Toboa kila chombo chini. “Bwawa la Kobe” lijazwe kokoto badala ya maji.

Taa ndogo za mapambo zina betri bapa mfano wa kifungo cha shati. Mtoto akimeza betri hiyo, inaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa mbili. Afadhali msiziweke kabisa. Ukihisi amemeza, mpeleke hospitali mara moja, usimtapishe. Kama una mtoto chini ya miaka mitatu, ondoa pia shanga na kokoto zinazoenea mdomoni mwake, asije akapaliwa.

Fyeka nyasi ndefu na usirundike mawe au kuni karibu na mahali pa kuchezea, maana nyoka na nge hujificha humo. Akiumwa na nyoka, mtulize, asitembee, usichanje wala kunyonya jeraha, wala usimfunge kamba ya kubana. Muwahisheni hospitali.

Viatu ni lazima. Minyoo ya safura huingia mwilini kupitia ngozi ya miguu iliyo peku. Wakitoka kucheza, wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

Mwachie mtoto mji wake

Kazi ya mzazi ni kuusafisha mteremko na kuweka mipaka: mwisho wa kucheza ni mti gani, na nani anaangalia. Mengine mwachie mwenyewe. Akiamua Fisi akae juu na Sungura akae bondeni, usimpangie upya ili bustani ipendeze kwenye picha.

Msijenge yote kwa siku moja. Jumamosi hii wekeni kijumba kimoja na hatua tatu za mawe. Mvua ikinyesha, nendeni pamoja mkaone kama kimesimama, na kama kimesombwa, mtoto achague mahali pengine.