Mzazi Akumbukapo Yasiyokuwapo



Natuwaze nyumba moja ya Ugogo, mfano wa nyumba nyingi. Mama ni mzee wa miaka 83. Jioni ameketi mlangoni, na binti yake amletea ugali wa uwele na mlenda. Mama aukataa, asema: "Sili chakula cha nyumba hii. Kaka yako aliibomoa tembe yangu, akanifukuza, akatwaa na ng'ombe." Asema bila kusita, ataja hata mti uliokuwa uani, na mvua iliyonyesha siku ile. Binti ashtuka. Kaka asikiapo habari hiyo, moyo wake wajaa uchungu, maana hakutenda neno hilo.

Kweli yake ni hii. Mwaka 1971, katika Operesheni Dodoma, watu wengi wa Ugogo walihamishwa kutoka maskani yao yaliyotawanyika, wakakusanywa katika vijiji vya ujamaa. Ndipo mama huyu alipoiacha tembe yake. Lakini mwanawe wakati ule alikuwa mtoto wa miaka 3, amebebwa mgongoni.

Je, mama ni mwongo? Sivyo. Mwongo aijua kweli, naye huificha. Mama huyu haijui tena. Anenalo ndilo alionalo moyoni mwake. Huo ni ugonjwa wa ubongo. Mwaka 1906, huko Ujerumani, daktari Alois Alzheimer alieleza habari za mwanamke aliyepotewa na kumbukumbu, ambaye baada ya kufa kwake ubongo wake ulionekana umeharibika. Hata leo namna ya ugonjwa huu iliyoenea kuliko zote huitwa kwa jina la daktari huyo. Wala si ugonjwa wa ng'ambo tu. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wachunguzi waliwapima wazee wa miaka 70 na zaidi mwaka 2009 na 2010, wakaona kwamba kama 6 katika kila 100 wanao.

Twadhani kumbukumbu ni kama sanduku: tulichoweka ndani twakitoa vile vile. Lakini mwaka 1932 Frederic Bartlett, mwalimu wa Cambridge, Uingereza, alionyesha katika kitabu chake kwamba mtu akumbukapo huijenga habari upya kwa vipande alivyo navyo. Hata sisi wenye afya hukosea hivyo. Ila sisi twaweza kujiuliza, "Je, ndivyo ilivyokuwa?" Ubongo mgonjwa hushindwa kujihoji. Mara nyingi habari mpya hupotea kwanza, na za kale hudumu zaidi. Tena penye tundu hutiwa kiraka, mwenyewe asijue. Basi huzuni ya mama kwa nyumba iliyoachwa ni kweli. Mti huenda ni kweli, na mvua pia. Sura ya mwanawe ndiyo kiraka, maana ndiye aliye mbele ya macho yake kila siku. Kwa hiyo mara nyingi ashtakiwaye ndiye yule amtunzaye.

Wengine huuliza: "Sisi Wakristo tumekatazwa kusema uwongo, tena tumeamriwa kuwaheshimu wazazi. Nimjibu nini?" Kubishana naye hakufai. Hoja zako atazisahau kabla ya usiku, lakini hasira hubaki moyoni. Kukiri kosa usilolitenda nako si kweli. Iko njia ya tatu: ijibu huzuni yake, usiyajibu mashtaka. Mwana aweza kusema, "Mama, nyumba ile uliipenda sana. Pole, mama. Nisimulie habari za mti ule." Hapana uwongo katika maneno hayo, wala hayamwaibishi mzazi. Kisha ampe kazi nyepesi, kama kuchambua mlenda, au amwimbie wimbo wa kanisani alioujua tangu ujana. Mara nyingi nyimbo hukaa hata maneno mengine yakiwa yamekwenda.

Walakini yako mambo manne ya kuangaliwa.

Kwanza, msiyatupe maneno yake yote. Mzee mgonjwa naye huweza kuibiwa au kupigwa. Chunguzeni kwa utulivu, ndipo mnene.

Pili, mzee akichanganyikiwa ghafula, kwa siku moja au mbili, apelekwe hospitali upesi. Malaria, upungufu wa maji mwilini, ugonjwa wa njia ya mkojo, hata dawa anazomeza, huweza kuvuruga akili, na mambo hayo yana matibabu.

Tatu, msiyapeleke maneno yake kwa mpiga ramli. Katika nchi yetu wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi. Mgonjwa akijitaja kwa ubaya ambao hakuutenda, hilo si ungamo. Ni ugonjwa unenao.

Nne, jihadharini na mali. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba yahamia Dodoma, mashamba ya kando ya mji yametamaniwa sana. Mtu asiyashike maneno ya mama mgonjwa ili amnyime ndugu yake urithi, wala asiutwae mkono wake na kumtia dole gumba katika hati asiyoifahamu. Kumbukeni habari za Isaka. Alikuwa mzee, macho yake hayaoni, na mwanawe akamdanganya apate baraka. Ndugu wawili wakatengana miaka mingi.

Turudi kwa binti yule mlangoni. Neno lililo jema kuliko yote halimngoji kwa mama, bali kwa kaka. Amwendee usiku ule ule, kabla shaka haijaota mizizi, amwambie: "Kaka, najua hukutenda." Kisha waketi pamoja na ndugu wengine, wagawane zamu za kumtunza, asichoke mmoja peke yake. Mama ameipoteza kweli ya siku ile. Basi wanawe waishike kwa ajili yake, kama yeye alivyowashika walipokuwa wadogo.

Bwana awape subira wote wanaotunza wazee wao.