Penzi Letu na Unga Usiosema Ulikotoka

Ukioa mke asiyekula chapati, kila mwaliko ni mtihani. Wangu ana siliaki. Gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, huufanya mwili wake uushambulie utumbo wake wenyewe. Tiba ni moja tu: kuiacha maisha yote, hata chembe.

Tulipokwenda kwetu Masasi, kisha tukapanda Newala kwa shangazi, nilishusha pumzi. Mama alituambia, "Mkwe wangu, huku ngano ni ya maandazi tu. Ugali wetu ni mhogo." Basi tukala bila wasiwasi. Siku ya tatu tumbo likamkata vibaya. Kumbe kabla ya makopa yetu, mashine ilisaga unga wa lishe wa mteja mwingine, na ndani yake kulikuwa na ngano!

Nikasema, basi tutwange wenyewe. Shangazi akanizuia: "Mwanangu, huo mhogo ni mchungu. Umeuloweka?"

Nilinyamaza. Mhogo mchungu una sumu ya sayanaidi. Mwaka 1988, ukame ulipoibana Masasi, watu waliula ukiwa umetayarishwa harakaharaka wakadhurika. Ukiula hivyo kwa wiki nyingi, na lishe ikiwa duni, unaweza kupata konzo, yaani kupooza miguu kusikopona. Na uwanda wa Newala una shida ya maji, kwa hiyo kuloweka siku kadhaa si kazi ndogo.

Ipo njia ya maji kidogo, aliyoibuni Howard Bradbury wa Australia. Changanya unga na maji, utandaze usizidi unene wa sentimita 1, uache saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha upike siku hiyohiyo. Sumu nyingi hutoka hewani.

Siku hizi muuza unga namuuliza mawili: mhogo ulitayarishwaje, na mashine ilisaga nini kabla yake? Nawe ukishuku una siliaki, usiache ngano kabla ya kupima damu, maana majibu yanaweza kukudanganya.

Zamani nilimnunulia maua. Sasa nasimama dukani nikisoma maandishi madogo kwenye vidonge vya vitamini, na nikikuta wanga wa ngano navirudisha. Anajua maana yake.